Sura ya Mzee Mughwai na Chungu cha Nta

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Ndugu Samweli Katibu wetu wa Kata, Mwalimu Theodora uliyenisahihishia hotuba hii ukachoka njiani, wazee wenzangu shikamooni, na ninyi vijana, marahaba, ingawa hamjaniamkia.

Leo, baada ya misimu sita ya mvua, nastaafu rasmi kuitunza sanamu hii ya Mzee Mughwai, aliyetoa shamba lake tujenge kijiji cha Ujamaa hapa Mungaa, akafa kabla nyumba yake haijaezekwa.

Mnakumbuka ilivyoanza? Simenti hatukuwa nayo. Fundi Kefa akaifinyanga kwa udongo wa kichuguu na nta, ndevu mkia wa ng'ombe, macho vitako vya chupa. Picha ya marehemu? Hakuna! Kefa akafumba macho, mkono mmoja usoni kwake apimie, mwingine kwenye udongo. Sote tukashangilia, "Mughwai huyu huyu!" Mjane wake tu, Bibi Leah, akaninong'oneza, "Shemeji, mbona huyu ni Kefa?" Nikamcheka. Kabla mtama haujavunwa, tukamzika Kefa.

Chungu cha nta nikapewa mimi, maana mvua ikiikuta bila nta, mzee wetu atageuka tope. Kila mwaka nikaziba nyufa kama Kefa, mkono mmoja usoni kwangu. Mwaka huu wajukuu zangu wakasimama mbele yake: "Shikamoo, Babu Stefano." Na mimi nimesimama nyuma yao! Nani asingestaafu?

Ndugu Katibu ukanicheka ofisini: "Mzee, acha mambo ya kizamani. Rudisha chungu, kalale." Nikakukabidhi mkononi. Miezi mitatu hakuna mkono ulioigusa. Asubuhi hii nimekuja kuifuta vumbi, na, ndugu zangu, si mimi tena, namshukuru Mungu. Mashavu yamejaa, yameshiba vizuri. Mdomo alioufunga Kefa, ambao mimi sikuufungua, umeachama kidogo, na ndani, kwenye meno ya juu, kuna mwanya.

Ndiyo maana mlipokuwa mkiimba nilikuwa nawachungulia vinywa, mmoja mmoja. Mwenye mwanya ni mmoja tu.

Ndugu Katibu, mbona umefumba mdomo?

Chungu hiki hapa, nimekitoa ofisini kwako, nta imeyeyuka, na wingu lile pale. Ukiiacha, mvua itaibomoa pamoja na sura iliyomo. Ukiiziba, basi, ziba pole pole, baba, na mkono wa pili uweke mfukoni.

Asanteni kwa masikio yenu. Nanyi mliokaa mbele, mpisheni Ndugu Katibu apite.