Hatuumwi Meno

Mgeni rasmi, mheshimiwa uliyekuja kutuzindulia Mpango wa Vipaumbele vya Afya ya Akili, mganga mkuu, viongozi wa meza kuu, na ninyi wenzetu mliobanana huku nyuma juani,

Karibu. Keti vizuri, uegemee kabisa, kwa maana kiti hicho kina habari yake, nasi tutaifikia. Kwanza utuwie radhi. Risala iliyopelekwa ofisini kukaguliwa ilikuwa na kurasa mbili za shukrani. Hiyo tumeisahau nyumbani. Hii ndiyo iliyokuwa kwenye mkoba.

SISI NI NANI

Sisi ni Kikundi cha Benchi la Meno. Usimtazame daktari wa meno, hana kosa. Kliniki ya akili ya hospitali hii ni chumba namba tisa, kila Jumatano, mwisho wa korido. Anayekwenda huko hupita mbele ya watu wote wanaosubiri, na kabla hajafika mlangoni mtaa mzima umeshajua. Basi tukajifunza kukaa kwenye benchi la jirani, la meno, tumeshika mashavu. Sista wetu, muuguzi pekee wa namba tisa, akatuelewa bila kuelezwa. Hutokeza kichwa akaita, "Jino la juu, ingia! Jino la chini, subiri kidogo, mpenzi." Miaka saba tumetibiwa hivyo. Kuna babu mmoja hapa hana jino hata moja, naye hushika shavu.

TULICHOJIVUNIA

Fahari yetu kubwa ina jina la utani: Fundi Sponji, mshona makochi. Ametupa ruhusa tuyasome mambo yake hapa. Zamani alikuwa akisikia watu wakimsema kutoka ndani ya makochi ya wateja. Sindano moja kila baada ya wiki nne ikawanyamazisha. Kwa miaka mitatu alishona, alicheka, alimwoza binti yake, na hakuacha kututania: "Shangazi, unaumwa jino au unapiga simu? Shika shavu kwa uchungu!"

KILICHOTUCHEFUA

Wiki tatu zilizopita tarehe yake ilifika. Aliwahi, akakaa, akashika shavu. Msimamizi wa majengo akatokea mbiombio, futi ya kupimia mkononi.

"Fundi! Mungu amekuleta. Nilikuwa natuma mtu akufuate."

"Mimi nimekuja kwa jino, mkubwa."

"Jino litasubiri, mgeni rasmi hasubiri. Njoo."

Akamvuta mpaka namba tisa. Fundi alisimama mlangoni. Meza ya Sista haikuwapo. Kabati la dawa lilikuwa limesukumwa pembeni, limetiwa kufuli na kufunikwa pazia jipya. Katikati ya chumba palikuwa na kiti kikubwa kilichovuliwa kitambaa chake. Kumbe namba tisa imechaguliwa kuwa chumba chako cha mapumziko, mheshimiwa, kwa nusu saa ya leo.

"Na Sista je?"

"Amepelekwa wodi ya wazazi mpaka ugeni uishe. Kwani wewe unamtakia nini?"

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Neno lilimfika ulimini. Lakini mlango ulikuwa wazi, na koridoni walikaa wateja wake wawili, mmoja akimpungia mkono. Mtu aliyeumwa jino miaka mitatu hawezi kupona ghafla mbele za watu. Akasema, "Nilitaka kumsalimia tu." Akatoa chaki, akachukua vipimo.

Alikishona siku mbili, hatua tatu kutoka kwenye kabati lenye dawa yake. Ndicho hicho kilichotolewa nje asubuhi hii, ukakikalia. Mshono umenyooka, sivyo?

Wiki iliyofuata sauti zikarudi. Dada yake alimkuta karakanani amechana makochi manne ya wateja, amekaa katikati ya sponji, anawasihi waliomo watoke wazungumze kama watu wazima. Dada akakimbilia kwa Sista. Sista akakimbilia kwa msimamizi. Msimamizi akasema kabati haliguswi mpaka mgeni aondoke, pazia limeshapigwa pasi.

Pazia, mheshimiwa! Mtu anararuka akili, na kinacholindwa kisikunjike ni pazia.

TUNACHODAI

Tumekisoma kijitabu chako. Kina vipaumbele kumi na kimoja. Cha kwanza ni kuhamasisha wananchi wajitokeze. Sisi tumejitokeza kila Jumatano kwa miaka saba, na siku mliyokuja kutuhamasisha ndiyo mliyotufungia mlango. Dawa ni kipaumbele cha kumi, chini ya fulana na kofia. Nani alipanga? Hakuna aliyefika kwenye benchi letu kuuliza. Angefika tungemwambia kabla hajafungua kalamu: kwanza dawa isiyokatika, halafu muuguzi asiyehamishwa-hamishwa kama fanicha, halafu chumba chenye mlango wake wa pembeni, kisichogeuzwa sebule kila akija mkubwa. Hayo mengine chapisheni tu, karatasi yenu ni nzuri.

Lakini hayo ni ya mwaka huu. La leo ni moja. Kabla hujakata utepe, agiza Sista aitwe na kabati lifunguliwe. Ufunguo uko mfukoni mwa msimamizi wa majengo, yule pale anayetuonyesha saa ili tufupishe. Fundi Sponji yuko safu ya mwisho, shati la bluu, katikati ya shemeji zake wawili. Asubuhi alimuuliza dada yake, ambaye ndiye anayekusomea risala hii, "Nikifika, nishike shavu?" Dada akamwambia, "Kaka, fanya moyo wako unavyotaka."

Mtazame, mheshimiwa. Mikono yake yote miwili iko magotini. Sasa tutazame na sisi wengine, safu hadi safu. Hakuna hata mmoja hapa anayeumwa jino.

Mungu akujalie afya ya mwili na ile nyingine pia, na akuepushe na kuihitaji dawa siku ambayo kuna ugeni. Sasa tunasimama wote, na hatuketi mpaka tusikie kufuli likifunguka.

Ni sisi tuliosimama,
Kikundi cha Benchi la Meno