Glavu Nyeupe za Chizuru

Haya nilisimuliwa na Chizuru, mke wa mwanangu, Jumapili tulipokuwa tukimenya matunda ya kaki ya kukausha.

Alikuwa kwenye treni ya Okayama, ateremke Kurashiki, amevaa glavu nyeupe, vidole vikigonga magotini. Usiku kucha hakupata usingizi. Kule Kurashiki, kwenye ukumbi wa gemu, kuna mashine ya muziki: unagonga taa kwa mapigo ya wimbo, na ukiupatia, hadithi ya msichana anayemtafuta dada yake inafunguka kidogo. Alikuwa amebakiza wimbo mmoja tu, uliomshinda siku zote, na mashine inang'olewa jioni ileile.

Mzee aliyeketi kando yake akaitazama mikono yake, maana kwetu madereva teksi ndio huvaa glavu nyeupe. "Dereva teksi mwenzangu?"

"Hapana, babu. Mcheza gemu." Akamweleza.

"Si wenzako watakuhadithia mwisho wake?"

"Nimhangaikie yule msichana mpaka akaribie kuonana na dada yake, halafu nipashwe na watu? Ungekubali harusi ya mwanao usimuliwe?"

"Basi lala kidogo. Mikono yenye usingizi huutangulia wimbo."

"Nikipitiliza kituo?"

"Nimeamsha walevi wangapi kwenye teksi, nishindwe na wewe? Lala, binti."

Chizuru akakataa, akazidi kugonga. Punde kichwa cha mzee kikamwangukia begani. Mwamshaji kalala! Na kwetu, mtu akikusinzilia humtikisi. Vidole vikatulia. Akakodoa macho dirishani, akikisubiri kituo. Mzee akakoroma polepole, sawasawa, kama ngoma.

Kurashiki ilipotangazwa, Chizuru naye alikuwa amelala.