Mama Aliyeondoka Kitabuni

Katika basi la kwenda Sharpstown, mtaa wa Houston, mbele yangu alikaa nesi Mkenya, beji yake imeandikwa Wawira, akisoma riwaya. Mama wa Kihindi aliyekaa kando yake akamuuliza kwa Kiswahili cha Kisumu, "Hicho kitabu unakionaje?"

Wawira alishtuka kidogo. "Kinamhusu bibi harusi Mgujarati, mama. Anafika Houston, anakata nywele, anabadili jina, halafu anamwacha mume. Amenikasirisha kabisa. Amejikana."

"Amejikana ama amejiokoa?"

"Na watoto je? Si amewaacha pia!"

"Sikuwaacha!" Sauti ya mama ilipanda hadi dereva akatazama kioo. Mimi nikajifanya nasoma simu. "Mwandishi ni binti yangu. Huyo mke ni mimi. Na sikuondoka. Nilikaa miaka thelathini na moja nikipigwa. Yeye ndiye ameniondoa, humo kitabuni."

Wawira alishusha kitabu mapajani. Kisha akauliza taratibu, "Umekisoma chote?"

"Nimeshindwa. Niambie tu, mwishoni ana furaha?"

"Sijafika huko, mama. Pole."

"Basi ruka."

Basi likasimama kwenye kituo changu. Nilishuka Wawira akitafuta ukurasa wa mwisho, na mama amefumba macho.