Gauni la Mama Pindo

Ndugu waombolezaji, kabla ya tarehe na miaka, kitinda mimba wa nyumba hii, mdogo wake marehemu, ndiye huyu anayewasomea, ana neno la kuungama, kwa sababu wakati wa kuaga baadhi yenu mliona gauni la marehemu limeishia juu ya vifundo vya miguu, mkanong'ona kwamba uzee ulimharibia fundi kipimo, na kumbe kipimo hakikuwa na kosa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1934, nyuma ya karakana ya reli alikofanya kazi baba, akasoma hadi darasa la nne, na mwaka 1946 akaacha shule ili kumlea kitinda mimba, akimbeba mgongoni huku anakanyaga cherehani ya mama. Mwaka 1953 aliajiriwa chumba cha ushonaji hospitalini, akashona mashuka na makoti ya madaktari hadi alipostaafu mwaka 1989, na jioni alishona sare za watoto wa mtaa, akiacha pindo pana la kufumuliwa mtoto akirefuka, ndipo mkamwita Mama Pindo.

Tarehe 4 Agosti 1956 alifunga ndoa na dereva wa hospitali, ambaye alileta suruali ileile kushonwa mara tatu, hata akaulizwa kama anaichana mwenyewe, naye hakukana. Mungu aliwajalia watoto wanne, mmoja wao akatangulia, na mume naye alitangulia mwaka 1994.

Mwaka 1998 alijishonea gauni jeupe la kuzikiwa, nalo akaliachia pindo, mdogo wake akamcheka kwamba maiti harefuki, naye akajibu, "Wewe unajua siku ya ufufuo nitaamka na kimo gani?" Miaka mitatu baadaye mdogo huyo alialikwa harusini hana nguo, akalichukua sandukuni bila ruhusa, akijiambia kwamba mwenyewe hana haraka nalo, akalikata pindo kwa kuwa yeye ni mfupi, akacheza nalo, akalifua na kulirudisha kimya. Marehemu alipoligundua alikataa kushona jingine, akasema, "Limeshaona furaha, nitakwenda nalo hivyohivyo, ila siku hiyo utawaambia watu nani alishika mkasi."

Aliugua moyo kuanzia Oktoba 2008, akalazwa hospitali ileile, na hata pumzi ilipopungua alipapasa pindo la shuka akasema fundi wa siku hizi ana haraka. Bwana alimwita alfajiri ya tarehe 17 Juni 2009, akiwa na miaka sabini na mitano, ameacha watoto watatu na wajukuu kumi na mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliokesha nasi, na mafundi wenzake wa chumba cha ushonaji waliofika na mikongojo yao.

Pumzika, dada, katika amani ya Bwana uliyemtumikia kwa sindano.

Nanyi mliokuja, mkirudi mtaani na mkalisikia neno la lile gauni, tafadhali semeni kwamba Mama Pindo alipima sawasawa, aliyekata ni mdogo wake.