Hewa Iliyopimwa Siku ya Mgeni

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Kamati ya Kupitia Viwango vya Kemikali Sehemu za Kazi. Bwana Alen, Mkurugenzi wetu. Wachungaji na wazee wetu. Mafundi wenzetu: wanaostahili shikamoo tunawaamkia, na waliobaki tunawauliza habari za asubuhi.

UKARIBISHO

Sisi wafanyakazi wa chumba cha vanishi tumefurahi kukuona, na pia tumechanganyikiwa, na tumeona tukuambie yote mawili mapema. Anayekusomea ni Aron wa kupiga msasa. Tuliyemchagua asome ni Beatha, yule mama aliyekaa karibu na birika la chai. Kanisani kwake Beatha alikuwa akisoma matangazo ya ndoa bila kutazama karatasi, majina ya wachumba na ya wazazi wao, asimkosee hata mmoja. Juzi tulifanya mazoezi ya risala hii. Alisoma mstari wa kwanza, akausoma tena, akausoma tena, halafu akamkabidhi Aron karatasi na kwenda kuosha vikombe.

TULIKOTOKA

Karakana hii ilianza kwa madawati ya shule. Siku hizi tunatengeneza vitanda na makabati yanayofika hadi Muheza. Beatha ndiye aliyetufundisha wengi wetu kupaka vanishi: unaiyeyusha kwa tina, ile dawa ya kuzimulia rangi, unapaka, unasubiri. Umepanda na barabara ya Mombo, ukungu wetu umeuona. Ukungu huo ukiingia ndani, vanishi mbichi inageuka nyeupe kama imemwagiwa maziwa, na vumbi nalo linagandia juu yake. Kwa hiyo tunafunga madirisha, na chini ya mlango tunasukumizia gunia. Msimu wa baridi tunashinda humo.

MAFANIKIO

Samani zetu zinang'aa. Mkurugenzi ametununulia glavu, na tunamshukuru. Lakini mafanikio makubwa kuliko yote, tunavyoambiwa, ni kwamba hewa yetu ilipimwa, na sumu yake ikaonekana iko chini ya kiwango kinachoruhusiwa. Karatasi yenyewe imebandikwa pale ukutani. Hapo ndipo tulipopotelea.

CHANGAMOTO

Mwaka jana alikuja mtaalamu, kijana mpole mwenye begi. Tulikuwa tumepewa taarifa mapema, basi tukafanya kama tulivyolelewa. Beatha alituongoza: tukasugua sakafu, tukafungua madirisha yote, tukafunika makopo ya tina ili harufu isimkere mgeni. Kijana akamfunga Beatha pampu ndogo kiunoni, mrija wake ukapanda hadi kwenye kola, uvute hewa ileile anayovuta yeye. Akamwambia, "Mama, wewe fanya kama kawaida yako."

Sasa, mgeni rasmi, kawaida ya Beatha mgeni akifika ni ipi? Alimwekea kiti uani. Akampikia chai ya mchaichai na ndizi, akammenyea peasi, akakaa naye, maana kwetu mgeni haachwi akae peke yake. Akamuuliza hali ya mama yake, na ataoa lini. Kila kijana alipomkumbusha arudi kazini, Beatha alidhani anaona haya tu, akamwongezea chai. Mwisho kijana alichoka kubisha, akala. Pampu nayo ilivuta hewa kutwa, kwa uaminifu kabisa, pale uani kwenye upepo.

Majibu yakaja: salama. Tulipiga makofi kama watoto waliofaulu mtihani.

Lakini kichwa cha Beatha kilikuwa kikimgonga tangu zamani, na hakikuacha. Mikono ikaanza kutetemeka. Siku moja alipotea njia ya kwenda kwa binti yake, njia aliyoipita tangu binti huyo aolewe. Daktari aliuliza kama si hiyo tina. Ofisi ikamjibu kwa karatasi ya ukutani: hewa iko chini ya kiwango, basi ugonjwa ni wake mwenyewe. Mwisho wa mwezi huu anaachishwa kazi, na hatambuliwi kama mtu aliyeumia kazini.

Tumejaribu kuelewa. Kopo la tina lina namba yake ya kiwango, karatasi ina nyingine, na bango lililoletwa na wafadhili kutoka ng'ambo lina ya tatu, ndogo kuliko zote. Je, mtu wa hapa Soni anavumilia kuliko mtu wa kule? Tumeambiwa kiwango ni cha mtu anayefanya kazi kwa muda wa saa nane kwa siku. Msimu wa madawati sisi tunazipita hizo saa, na Pendo na Saumu, waliotoka mbali, wanalala ukuta kwa ukuta na vitanda vinavyokauka. Wengine tulikuwa tunajipima kwa pua: harufu ikipotea, tunasema hewa imekuwa nzuri. Daktari anasema hiyo ni pua iliyochoka. Basi tushike lipi? Pua imetudanganya, karatasi hatuielewi, na Beatha tunamwona kwa macho yetu.

Kijana yule hatumlaumu, na Bwana Alen hakuwepo siku ile. Habari ya chai ya uani ameomba Beatha mwenyewe tuieleze, ingawa anaona aibu. Alituambia hivi: "Msiseme nimerogwa, wala msiseme ni uzee. Semeni nilikuwa napaka vanishi."

MAOMBI

Kabla kamati yako haijapanga kiwango, tunaomba hewa yetu ipimwe upya siku ya ukungu, madirisha yakiwa yamefungwa na gunia liko mlangoni. Tunaomba mje bila kutupa taarifa. Tukijua mnakuja tutafagia, hatuwezi kujizuia. Hata leo, kama hujasikia harufu yoyote, ni kwa sababu tangu jana tumefungua kila kitu, na makopo tumeyahamishia nyuma kwa fundi Cosmas.

Tunaomba kiwango kitakachopangwa kihesabu saa tunazokaa humo kweli, na kiwakumbuke wanaolala jirani. Na tunaomba Beatha asiondolewe kazini kwa hewa ya uani.

Baada ya hapa kuna chai. Beatha ndiye atakayekuhudumia, amekataa mtu mwingine asiguse birika. Atakuuliza jina lako. Baada ya muda mfupi atakuuliza tena. Tafadhali mjibu kama ndiyo kwanza ameuliza.

Mungu akushushe salama kwenye kona zetu hadi Mombo, na awalinde wote wanaokusubiri nyumbani.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Chumba cha Vanishi,
Karakana ya Samani ya Mlimani, Soni.