Pikipiki Niliyoiangusha Dukani kwa Makusudi

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama na akina baba, amani iwe kwenu. Vijana mliojazana kule mlangoni, nanyi nawasalimu, ila msitoke mapema, kuna mahali nitawagusa.

Asanteni kwa hiki kigoda mlichoniwekea hapa kanisani nitoe ushuhuda wangu. Bila kigoda mngeona kilemba tu kinawahutubia. Mungu aliniumba mfupi na sina ugomvi naye. Lakini ufupi huu ndio habari yenyewe ya leo, kwa hiyo nitazameni vizuri.

Kwa wageni: mimi ni mzaliwa wa Endagikot, kule Mbulu, nimeolewa hapa Gehandu, na kazi yangu ni kuchanja mifugo. Nilisomea. Mwanzoni nilikuwa naenda kwa miguu, boksi la barafu begani, kutoka huku mashambani mpaka kwenye maboma ya wafugaji kule chini mbugani. Dawa ya chanjo haivumilii joto. Barafu ikiyeyuka njiani dawa inaharibika, na mimi nabaki namchoma ndama maji tu. Ndiyo sababu nilitaka pikipiki. Sikutaka kuringa. Kuringa kulikuja baadaye, nako nitawaambia.

Ni miaka ile mkoa wetu wa Manyara ungali mpya, pikipiki za bei ya mtu wa kawaida zimeanza kumiminika madukani. Kijana akivuna alizeti vizuri, kesho unamsikia barabarani. Mwanamke hapa kijijini? Hakuna hata mmoja.

Nikajifunza miezi miwili kwa kipikipiki kidogo cha mwalimu wangu, nikaenda Babati kufanya mtihani. Kwenye foleni wanaume watupu na mimi. Mmoja akaniuliza, kwa upole kabisa, "Mama, unamsubiri nani?"

Nikamjibu, "Naisubiri zamu yangu."

Nilizunguka ile namba nane iliyochorwa chini, nikapita kati ya mapipa, nikasimama mlimani na kuondoka bila kurudi nyuma hata shubiri. Nilifaulu siku hiyo hiyo. Yule aliyeniuliza aliambiwa arudi akajifunze tena. Simcheki. Namcheka kidogo.

Sasa ikabaki kuchagua pikipiki. Na hapo, ndugu zangu, ndipo nilipopotea.

Nilikwenda dukani Katesh na mume wangu, huyu hapa mbele anayetazama viatu vyake, pamoja na shemeji mmoja aliyejua pikipiki. Muuzaji alinipa mkono, halafu hakuniangalia tena. Aliwauliza wao. Anapenda rangi gani? Atabeba mzigo gani? Miguu yake inafika? Mimi nimesimama pale na leseni kwenye mkoba, wanaongea juu yangu kama wanavyoongea juu ya mtamba mnadani.

Kulikuwa na moja ndogo, ya chini, yenye nafasi mbele ya kiti ya kupitisha mguu. Macho yangu yaliiangukia hiyo. Shemeji akacheka. "Hiyo ya watawa, shemeji. Ukienda nayo mbugani wale wafugaji watakuheshimu kweli? Chukua hii." Akapiga kiti cha moja ndefu, nyekundu, ya wanaume wenye kifua. Wanaume wanne waliokuwa wamekaa kibarazani mwa duka wakasema, "Haiwezi huyo."

Neno hilo lilinimaliza. Haiwezi! Nikasema, "Nipeni hiyo ndefu."

Sikuikalia. Sikuijaribu. Alizeti ya misimu miwili na dume langu moja viliingia kwenye pikipiki ambayo nilipoipanda vidole vya mguu mmoja tu ndivyo vilivyogusa chini, tena kama nikiegemea upande. Niliichagua kwa ajili ya watu wanne wa kibarazani ambao hata majina yao sikuyajua. Huo ndio ukweli wangu, na sikulazimishwa na mtu kuusema.

Wiki tatu nilipendeza. Wiki ya nne ikafika siku ya mnada. Nilikuwa nimebeba chanjo ya chambavu, ugonjwa ule unaowavimbisha ndama misuli na kuwaua kabla hujamaliza kuita mtu. Mzee mmoja mfugaji, Mbarbaig, alikuwa ananisubiri bomani kwake na ndama wake wote wamefungiwa. Mvua ilikuwa imenyesha. Pale kwenye mteremko karibu na mnada mbuzi wakakata njia. Nikafunga breki, nikashusha mguu kutafuta ardhi. Mguu ukatafuta, ukatafuta. Ardhi haikuwepo.

Pikipiki ilinilalia hapa, chini ya goti. Nilisikia mfupa. Mnada mzima ulisimama kutazama, na kabla sijainuliwa nikasikia sauti ya mwanamume ikisema, "Si tulisema?"

Nilibebwa hospitali. Boksi la chanjo hakuna aliyelikumbuka, lilikaa juani pembeni ya barabara mpaka jioni.

Nikafungwa hogo, ile plasta ngumu ya mfupa, kuanzia unyayoni mpaka pajani. Na hapa naomba niseme na wachache wenu mliomo humu. Mlikuja kuniona, mkaleta uji na maziwa, Mungu awabariki. Lakini mlipotoka nje mlisema Mungu ameniadhibu kwa kuvaa suruali na kukalia chombo cha wanaume. Dirisha lilikuwa wazi, niliwasikia. Nawajibu leo, na nawajibia humu humu kanisani: Mungu hakunisukuma. Nilianguka kwa sababu nilinunua pikipiki isiyonitosha. Kosa ni langu, msimbebeshe Mungu.

Wakati ule, hata hivyo, sikuwa na jibu hilo. Mtu mmoja alinivunja kuliko mfupa. Yule mzee Mbarbaig alikuja nyumbani. Alisimama mlangoni na fimbo yake na shuka lake, akaangalia hogo muda mrefu. Ndama wanne walikuwa wamekufa. Hakufoka. Alisema, "Nilikungoja," akageuka, akaenda zake kwa miguu njia yote ile.

Afadhali angenitukana.

Ukoo ukakaa kikao. Shemeji yule yule aliyenichagulia ndiye aliyesimama kusema, "Pikipiki iuzwe, mama atulie nyumbani." Wakaniuliza. Nikasema iuzeni. Mimi, niliyezunguka namba nane! Leseni nikaitia chini ya nguo sandukuni. Hata hogo lilipotolewa, nikikutana na pikipiki njiani nilikuwa natazama upande wa pili. Watu wa maboma wakituma salamu kuniuliza nitakwenda lini, najibu mguu bado. Mguu ulikuwa umeshapona.

Mwaka karibu uishe. Asubuhi moja nilikuwa napukuchua mahindi uani na mama mkwe wangu. Mnamjua, mama wa maneno machache, na Kiswahili anakitumia kama chumvi. Yeye hakuwahi kuipenda ile pikipiki. Siku niliyoileta alikataa hata kuigusa. Kwa hiyo nilishtuka aliposema, bila kuinua macho:

"Ulianguka kwa kuwa ni mwanamke, au kwa kuwa ile kitu ni ndefu?"

Nikaokota hindi lingine.

"Nakuuliza wewe."

"Ilikuwa ndefu, mama."

"Mimi nilipoolewa hapa nilipewa jembe la baba mkwe. Mpini mrefu. Wiki moja mgongo umekufa. Wakasema huyu msichana wa Mbulu ni mvivu." Akatupa gunzi. "Nikachukua panga, nikakata mpini. Mpaka leo nalima. Wewe umeacha kulima?"

Ndugu zangu, nawaambia, nimesikia mahubiri mengi na mchungaji anisamehe, lakini hakuna lililonisimamisha kama hilo. Nililia juu ya mahindi. Yeye akaendelea kupukuchua. Nilipomaliza akasema, "Mahindi hayo yatalowa," na hiyo ndiyo pole niliyopata.

Wiki ile ile nilirudi Katesh na pesa za ile ndefu iliyouzwa. Safari hii nilikwenda peke yangu, nimevaa viatu vya mpira vya kazini, na boksi langu la chanjo nimelijaza mawe lipate uzito wake wa kweli. Ni duka lile lile na muuzaji ni yule yule. Akachungulia nyuma yangu. "Mzee yuko wapi?"

"Mzee yuko shambani. Mteja ndiye huyu."

Nikaanza ya kwanza mlangoni. Nikaikalia, nikashusha miguu yote miwili. Haikufika, nikateremka. Ya pili, visigino vinaelea. Ya tatu, ya nne. Kibarazani wakaanza kusogea. Nilipofika kwenye ndogo ile ya chini, nyayo zote mbili zilikaa ardhini, bapa, kama nimesimama jikoni kwangu. Nikafunga boksi la mawe nyuma, nikaikalia tena, bado bapa. Nikaisukuma kinyumenyume kupandisha kilima kidogo kilichopo mbele ya duka. Ikapanda.

Kisha nikaishika vizuri usukani, nikailaza chini.

"Mama!" Muuzaji aliruka kutoka kwenye kiti. "Unaangusha pikipiki mpya makusudi?"

"Makusudi kabisa. Kule mbugani nikianguka hakuna wa kuniinua. Nataka kujua hapa hapa, kabla sijainunua."

"Na ikikwaruzika?"

"Basi itakuwa yangu na mkwaruzo wake. Sogea, baba."

Nikachuchumaa, nikaipa mgongo, nikashika usukani na chuma cha nyuma, nikasimama nayo polepole. Mara ya kwanza ilinishinda. Kuna mtu alicheka, nami sikugeuka kumtazama. Mara ya pili ikasimama, nami nimesimama nayo, jasho linanitoka, mguu wangu uliovunjika umeshika sawa na mwenzake.

Mmoja akasema, "Lakini mama, hiyo ni ya watawa."

Nikamwambia, "Watawa wanafika waendako. Wewe umeniona mara mbili, mara zote umekaa hapo hapo."

Ndiyo, mnacheka. Na muuzaji alicheka. Halafu akafanya jambo la kiungwana: alinitazama mimi usoni, akauliza, "Mama, mzigo wako unakuwa na uzito gani safari ya kwenda na ya kurudi?" Tukaongea kama watu wa kazi. Akanifungia keria imara na kunionyesha namna ya kukaza mnyororo.

Safari yangu ya kwanza ya kazi ilikuwa kwa yule mzee. Niliogopa, siwafichi. Niliteleza kwenye udongo mweusi mara moja, ikalala, nikaiinua, nikaendelea. Nilipofika nilimkuta amekaa na wenzake nje ya boma. Nikamwamkia. Akaitikia, akaitazama pikipiki, akanitazama miguu.

"Leo utafika?" akauliza.

"Nimeshafika, mzee."

Nikapiga goti nikamwomba radhi kwa ndama wanne. Sikutaja mvua, sikutaja mbuzi. Nilimwambia nilichagua vibaya na yeye ndiye aliyepata hasara. Aliinuka na fimbo yake, nikadhani atanifukuza. Kisha akawaambia wake zake kwa lugha yao wafungue zizi. Nilichanja mpaka jua likapinda, na barafu ilikuwa bado ngumu.

Namshukuru mzee huyo. Si mtu wa kanisani, lakini naomba mumweke kwenye sala zenu. Namshukuru mganga wa mifupa aliyenikataza kulala tu kitandani. Mume wangu namshukuru kwa kuniachia niende peke yangu mara ya pili, maana najua alitamani kuja. Mama mkwe hataki kushukuriwa hadharani, kwa hiyo sijamtaja. Na shemeji, amesharudi akaniomba nimfundishe mke wake. Nimemfundisha. Ana leseni.

Somo langu si refu. Neno "huwezi" lisikuchagulie kitu. Ukilitii linakukalisha, na ukilibishia kwa hasira linakuuzia pikipiki ndefu, kama lilivyoniuzia mimi. Vijana wangu, na nyinyi ndio nilisema nitawagusa: wapo wenu waliochagua pikipiki kwa mlio na rangi, na tunawaokota mitaroni. Kaa juu yake kwanza. Shusha miguu. Sikiliza mwili wako unasemaje, na barabara yako inasemaje, ndipo ulipe.

Wale mnaosema mwanamke asipande, endeleeni kusema, mimi nina ratiba ya chanjo.

Ibada ikiisha pikipiki iko nje, upande wa kisima, na funguo ninazo. Akina mama, anayetaka kuikalia apime miguu yake aje, hata kama ni kwa kujaribu tu. Akina baba mtatushikia Biblia.