Kikombe Kilichohesabiwa

Benchi liko mlangoni mwa jengo la ghorofa tano, na kila ikikaribia saa nne asubuhi Mama Birika huwamiminia wateja wake kahawa kabla hawajafika, kila mtu kikombe chake mahali pake. Leo kengele ya moto ililia kwa majaribio, lifti ikazimwa, watu wakashuka kwa ngazi. Filimbi, mlinzi wa jengo, akawahesabu watu wa benchi kwa njia aliyoizoea: kwa vikombe. Akaandika wote wametoka. Kumbe Fundi Mkasi, mshonaji anayetembelea kiti cha magurudumu, alikuwa bado ghorofa ya nne, anakunja pindo la suruali. Sasa lifti imewashwa, Fundi kashuka, na Filimbi hajui uso auweke wapi.

– Filimbi, umenihesabu mimi kikombe. Angalau nilikuwa nimejaa?

– Nimekosa, kaka. Nimekosa.

– Wala sina kinyongo. Nimemaliza suruali mbili bila mtu kunisumbua.

Redio, fundi wa simu, akadakia:

– Dawa ni kamba. Siku nyingine tunamteremsha kupitia dirishani.

– Kama gunia la saruji? akauliza Tani, mpagazi. Tutandike magodoro thelathini hapa chini, aruke.

– Anza wewe, Fundi akasema. Nikikuona umeamka, nitafikiria.

– Basi ashone bomba la kitambaa, Redio akasema, kutoka dirishani kwake mpaka hapa benchini. Anateleza, anatua kwenye kahawa.

– Na kiti changu?

– Kitakufuata nyuma. Wewe sogea tu upesi.

Wakacheka.

Mpangaji mpya wa ghorofa ya pili, dada aliyekuwa amesimama akingoja kahawa yake, akauliza:

– Samahanini, kaka zangu. Siku moto ukiwa wa kweli, nani kati yenu anapanda kumchukua?

Redio akatazama ndani ya kikombe. Tani akajikuna kisogo. Fundi akawatazama mmoja mmoja.

Filimbi akaweka chini kahawa ambayo hata hakuionja.

– Tani, inuka. Tunakwenda kujifunza kumshusha kwa ngazi.

– Sasa hivi? Mimi makabati nimeshusha mengi tu.

– Mimi si kabati, Fundi akasema. Nitawaonyesha pa kushika. Lakini ngojeni kwanza nimalize kahawa. Safari hii nataka nihesabiwe mwenyewe, kikombe kikiwa kitupu.